Kwa Nini Tunaanzia Ndiva ya Juu

Neema, wewe na wenzako watatu mlikaa sebuleni kwangu hapa Same Jumapili iliyopita, mkanimalizia chai na vitumbua, mkabishana mpaka paka akahama. Nilikuwa jikoni, nasikia kila neno. Mmoja anasema, "Kitabu kinasema hivi." Mwingine anasema, "Kitabu hakijawahi kufanya kazi ofisini." Na ile programu yenu, ambayo mnasema inafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, imeganda, wala hamjui kwa nini. Mkaniaga, "Bibi pole, tumekupigia kelele za mambo yasiyokuhusu."

Yasiyonihusu! Mimi niliyefanya kazi ya kompyuta miaka ishirini na sita, tangu enzi za kadi za kutoboa! Sikujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika nasema maneno ambayo baadaye inabidi niyaombee radhi. Sasa hasira imeisha. Kaeni niwaambie jinsi nilivyokausha mahindi ya mama yangu mzazi kwa elimu yangu mwenyewe.

Kompyuta yetu ilikuwa Dar es Salaam, katika ofisi moja ya serikali ambayo sina haja ya kuitaja. Ilijaza chumba kizima, na chumba chenyewe kilipozwa usiku na mchana kwa sababu mashine haikuvumilia joto. Sisi watumishi tulivaa masweta. Mchana wa jua kali la Dar, watu wakituona tunatoka kwenda kula tumejifunga masweta mpaka shingoni, walidhani tuna homa. Mama mmoja muuza machungwa alinipa pole kila siku kwa mwezi mzima. Mwishowe nikaacha kumkatalia, nikawa napokea.

Programu ilikuwa kadi, mstari mmoja kadi moja. Mwaka wangu wa kwanza niliangusha sanduku la kadi kama mia nane kwenye ngazi, zote za kwangu, wala hazikuwa na namba. Nilikaa pale kwenye ngazi nikalia kama mtoto. Bwana Pius, mkuu wangu, alishuka, akaziangalia, akasema, "Nakijwa, ukizipanga safari hii, chora mstari wa kalamu ubavuni mwa furushi, kutoka kona hadi kona. Zikianguka tena, utaufuata mstari." Hilo hakulisoma popote. Na yeye zilikuwa zimemwangukia.

Nawaambia hili msije mkadhani Bwana Pius alikuwa mtu wa vitabu tu. Vitabu alivipenda, tena aliviandika pembeni kwa penseli nyekundu, lakini mikono alikuwa nayo. Ndiye aliyetufundisha lile jambo jipya: mashine yetu, iliyohifadhi orodha zake kwenye tepu za sumaku zenye namba, iliweza kuendesha programu mbili kwa pamoja. "Programu moja ikisubiri tepu izunguke," alisema, "nyingine ipige hesabu. Hakuna kukaa bure."

Hakuna kukaa bure! Maneno yale yalinikaa kichwani. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka masomoni Ulaya, miezi tisa, na huko nako walisema hivyo hivyo. Nikaona nimeshika ufunguo wa dunia.

Basi tukaanza kuendesha programu mbili mbili, na mashine ikaanza kuganda. Si kila siku. Itakwenda wiki nzima vizuri, halafu asubuhi moja unakuta taa zinawaka, tepu zimesimama, hakuna linalosogea. Ukiizima na kuiwasha, inakimbia kama hakuna kilichotokea. Ukimwita fundi, ndiyo kwanza inamfanyia kazi kwa heshima. Tulilaumu joto, tukalaumu umeme, tukalaumu mende tuliyemkuta nyuma ya kabati la tepu, naye akauawa bila kesi. Mwishowe Bwana Pius akaniambia, "Una likizo yako. Nenda nyumbani. Umeanza kuongea na mashine, na mbaya zaidi unasubiri ijibu."

Nikapanda basi kuja nyumbani.

Wakati huo nyumbani hapakuwa tena kule mlimani nilikozaliwa. Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, na watu walikuwa wameshushwa tambarare, huku upande wa Makanya, nyumba zimepangwa kwa mistari. Mama alipewa kiwanja na shamba dogo chini ya kilima. Walikuwepo pia wageni waliotoka kwenye mashamba ya mkonge, watu wa mikoa ya mbali waliokuja kukata mkonge wakiwa vijana na hawakurudi tena kwao. Kiongozi wao alikuwa Bwana Sanga, mtu wa Njombe, mpole, anayesema kila neno kwa zamu yake.

Sasa, kwa wenzako ambao hawakukulia huku: ndiva ni bwawa la udongo ambalo wazee walilijenga mlimani kushika maji ya kijito. Inajaa usiku. Asubuhi unazibua tundu la chini, maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani, jioni unaziba. Sisi tulikuwa na mbili, Ndiva ya Juu na Ndiva ya Chini. Na yale mashamba mapya yalikuwa na mchanga unaokunywa maji hatari. Maji ya ndiva moja yalifia njiani. Kama ulitaka yafike, ilibidi uzibue zote mbili asubuhi hiyo hiyo, mifereji ikutane chini ya kilima, ndipo maji yapate nguvu.

Kila ndiva ilikuwa na ufito wake mmoja, mrefu, wa kusukumia kizibo. Mwenye ufito ndiye mwenye maji ya ndiva hiyo. Hapakuwa na ufito wa pili, wala hakuna aliyethubutu kuchonga wa pili, maana angeshtakiwa, na mnajua tunavyotaniwa sisi Wapare kwa kupenda kesi. Na kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtu alilishika: ukishachukua ufito, huurudishi mpaka umwagilie. Ukiurudisha kabla, umeikataa zamu yako kwa mkono wako mwenyewe. Unakwenda mwisho wa foleni, siku nane tisa mbele. Kwa mahindi, siku tisa za jua la Makanya ni kifo.

Mgawa maji alikuwa mjomba wangu Mbazi, kaka yake mama. Sikio moja lilikuwa halisikii, na nadhani lile la pili alilitumia kwa kuchagua. Sheria yake ilikuwa moja tu. Kila kikundi, hata kama kinakaa wapi, kianze kuchukua ufito wa Ndiva ya Juu. Ukiupata, ndipo ushuke uchukue wa Chini. Kama wa Juu umeshachukuliwa, rudi nyumbani, usiuguse wa Chini hata kama umelala tu pale.

Kundi la Mama Elinami, jirani wa mama, walikaa upande wa juu wa kijiji, karibu na njia ya kwenda Ndiva ya Juu, kwao haikuwa tabu. Lakini watu wa Bwana Sanga walikaa mlangoni kabisa pa Ndiva ya Chini! Walipanda mlima mwendo wa saa nzima kwenda Juu, pengine wakakuta ufito hakuna, wakashuka mikono mitupu. Na kurudi wakapita kando ya Ndiva ya Chini, imejaa mpaka ukingoni, ufito wake umeegemezwa pale, hakuna anayeugusa.

Niliyaona haya siku ya tatu ya likizo yangu. Nikasema, Mungu wangu, hii si ile ile ya kukaa bure?

Mwenyekiti wa kijiji aliposikia nina maoni, alifurahi kupita kiasi. Alikuwa mtu anayependa neno "kisasa". Aliitisha mkutano, akanisimamisha mbele. "Huyu ni binti yetu, anafanya kazi na mashine inayofikiri," alisema. Nikanyoosha karatasi yangu. Nikaeleza: kila kikundi kichukue ufito ulio karibu nacho kwanza, halafu kisubiri wa pili. Hakuna kupanda mlima bure. Ndiva zote mbili zifanye kazi. Watu wa Bwana Sanga walipiga makofi mpaka vumbi likaruka.

Mjomba alisimama. "Tunaanzia Juu," alisema.

"Kwa nini, mjomba?"

"Kwa sababu tunaanzia Juu."

Watu wakacheka. Na mimi, wajukuu zangu, nilicheka. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile naona aibu, kwa kuwa yeye hakuwa akitania. Alikaa chini, akachukua kofia yake, akaondoka kabla mkutano haujafungwa.

Sikilizeni hili vizuri kuliko mengine: mpango wangu ulifanya kazi! Wiki mbili nzima ulifanya kazi vizuri kuliko ule wa mjomba. Watu wa Sanga walinisalimia kwa mikono miwili. Mwenyekiti alipanda mara tatu kuja kutazama, na kila alipokuja mambo yalinyooka, maji yanateremka, watu wanaimba. Kwa hiyo msije mkaniambia, "Bibi, tumeijaribu programu mara mia na haikuganda." Na mimi niliijaribu. Ilikuwa ni bahati tu kwamba ardhi bado ilikuwa na unyevu wa mvua za mwisho, na vikundi viwili havijawahi kutaka maji asubuhi moja.

Wiki ya tatu mvua ilikuwa imekwisha kabisa. Mahindi ya mama yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele, wakati ambao hindi likikosa maji halisamehi. Majani yalianza kujikunja mchana. Asubuhi hiyo Mama Elinami na wenzake, mama yangu akiwemo, walikwenda kuchukua ufito wa Juu. Asubuhi hiyo hiyo Bwana Sanga na wenzake walitoka mlangoni mwao wakachukua ufito wa Chini. Kila upande ukamtuma mtu kwa ndiva ya pili. Wajumbe walipishana njiani wakasalimiana vizuri tu. Kila mmoja akafika akakuta ufito umechukuliwa. Basi wakakaa kusubiri, kama karatasi yangu ilivyosema.

Wakakaa mpaka mchana. Wakakaa mpaka jioni. Kesho yake wakakaa tena.

Ndiva zote mbili zilikuwa zimejaa. Maji yalipita juu ya ukingo yakamwagika vichakani, mbuzi wakanywa mpaka wakalala. Na chini pale mahindi yanasinyaa mbele ya macho ya wenyewe. Mama alirudi jioni ya siku ya pili, akaweka jembe ukutani. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, maji nayaona. Hayaji."

Ningependa angenichapa.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile ambalo na ninyi mnalifanya: nikalaumu watu. Nikasema ni ukaidi, ni ukabila, ni wivu. Mwenyekiti naye akataka kuleta mgambo. Asubuhi ya siku ya tatu nikaenda Ndiva ya Chini nikiwa na maneno makali tayari mdomoni. Nilimkuta Bwana Sanga amekaa kwenye jiwe, ufito umelazwa mapajani. Akasimama kunisalimia.

"Bwana Sanga, kwa nini huuachii?"

"Dada Nakijwa," alisema taratibu, "karatasi yako inasema tuchukue ulio karibu. Tumechukua. Inasema tusubiri wa pili. Tunasubiri. Nikiuachia, watu wangu wanakwenda mwisho wa foleni, na mimi ndiye nitakayewaeleza watoto wao. Niambie tumekosea wapi, nasi tutajirekebisha."

Hawakukosea popote. Nilipanda Juu, nikamuuliza Mama Elinami, akanijibu karibu maneno yale yale, ila yeye kwa kelele. Na yeye hakukosea. Kila mtu alikuwa ametii, na utii wao ulikuwa umewakamatisha.

Nilikuwa nateremka kwenye ile njia ya mawe niliposimama ghafla. Taa zinawaka, tepu zimesimama, hakuna linalosogea. Programu yangu ya orodha za mbegu iliomba tepu namba moja kwanza, kisha namba mbili. Ya Bwana Pius, ya orodha za mitihani, iliomba namba mbili kwanza, kisha namba moja. Tepu haishikwi na programu mbili, kwa hiyo zikianza pamoja, kila moja inashika yake na kusubiri ya mwenzake. Hakuna iliyoharibika. Masikini yule mende! Nilikaa chini pale njiani nikacheka na kulia kwa pamoja, mtu aliyepita na punda akazunguka mbali.

Nikaenda kwa mjomba. Alikuwa uani anapukuchua kunde.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunifundisha?"

"Nimekuja kuuliza. Kwa nini tunaanzia Juu?"

Akapukuchua maganda mawili matatu. "Nikikwambia ukweli utacheka tena."

"Sicheki."

"Sijui," alisema. "Nilipomuuliza baba alinipiga kofi. Nadhani na yeye alipigwa kofi na baba yake. Nimegombana na watu maisha yangu yote kwa jambo nisilolijua. Wananiita mkaidi. Nami huwa najiuliza, pengine ni kweli."

Nilimwomba makatambuga yake, vile viatu vya matairi. Nikaviweka chini kati yetu. "Hiki cha kulia ni Juu, cha kushoto ni Chini. Wewe unavitaka vyote viwili, nami navitaka vyote viwili. Anza na cha kulia, mimi naanza na cha kushoto." Akachukua chake, nikachukua changu. "Haya, nipe hicho," nikasema.

"Sitoi. Nipe chako wewe."

"Na mimi sitoi."

Tukatazamana. Akakitazama kiatu changu, akakitazama chake. "Tutazeeka hapa," alisema.

"Tuanze upya. Safari hii sote tunaanza na cha kulia." Mkono wake ulikuwa mwepesi, akakiwahi. "Mimi nimekosa," nikasema, "na kwa kuwa nimekosa cha kulia siruhusiwi kugusa cha kushoto. Kiko pale. Nani anakuzuia?"

Akakichukua. Akavaa vyote viwili, akasimama, akatembea hatua tatu uani kama mtu anayejaribu viatu dukani. Akarudi mpaka kwangu, akakivua kile cha kulia akakishika mkononi. "Mwenye hiki," alisema, "cha pili lazima atakikuta."

"Atakikuta, au atakisubiri kwa mtu ambaye tayari anamwagilia na jioni atakirudisha. Hawezi kumkuta mtu aliyekaa anamsubiri yeye."

"Na zikiwa ndiva tatu?"

"Zipange kwa mstari, watu wote waanze upande mmoja, wasirudi nyuma. Hata zikiwa mia."

"Mia," alisema mjomba. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Alicheka na kufuta macho kwa mkono uliojaa maganda ya kunde. "Kumbe baba hakunionea. Kumbe sikuwa mkaidi, nilikuwa sahihi!" Alirudia hilo neno mara nyingi, kwa furaha, na mimi nikaona mzigo alioubeba miaka yote umemshuka mabegani. Kisha akanikazia macho. "Lakini wewe ulicheka mkutanoni."

"Nilicheka, mjomba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Twende, mahindi ya dada yangu yanakufa."

Lakini msidhani kujua sababu ya kukamatana ndiko kujinasua. Hapo kitabu kilininyamazia. Kitabu kinasema mmoja aachie. Hakisemi nani, wala hakisemi atawaeleza nini watoto wake. Tuliwakusanya watu wote kwenye makutano ya mifereji, jua limeshakuwa kali, nikaeleza kosa lilikuwa la karatasi yangu na si la mtu yeyote. Mjomba akatangaza kwamba tunarudi kuanzia Juu. Mwenye Juu ni Mama Elinami, kwa hiyo Bwana Sanga auachie wa Chini.

Bwana Sanga hakubisha. Aliuliza tu, "Na sisi tunakwenda mwisho wa foleni?"

Mjomba aliangalia chini, maana ile ndiyo ilikuwa desturi, na akiivunja leo kesho kila mtu ataleta sababu yake. Watu kumi na wawili wangepoteza mahindi yao kwa kuwa walinitii.

Ndipo mama yangu aliposogea mbele. "Kwenye orodha ya kesho yuko nani?"

"Ni zamu ya mabaki, ya wale ambao maji hayatawafikia leo," akasema mjomba.

"Basi leo mimi sichukui maji. Wenzangu wachukue, wamalize, wasiwe na mabaki. Kesho fito zote mbili wapewe watu wa Bwana Sanga. Mimi ndiye nitakayekwenda mwisho wa foleni. Kosa limetoka nyumbani kwangu."

"Mama!" nilisema.

"Nyamaza," akasema, bila ukali. "Umeshasema vya kutosha likizo hii."

Bwana Sanga akaulaza ufito wa Chini ardhini, mbele ya miguu ya mjomba. Mama Elinami akatoka mbio akauchukua, wenzake wakapanda kuzibua Ndiva ya Juu, na saa moja na nusu baadaye tukasikia maji yanakuja. Mnajua sauti ya maji yakija kwenye mfereji mkavu, yanavyosukuma majani mbele? Watu walipiga vigelegele. Kundi zima likamwagilia siku ile, isipokuwa shamba moja. Mama alikaa kwenye ukingo wa shamba lake, akayatazama yanapita.

Kesho yake asubuhi watu wa Sanga walipanda kuanzia Juu bila kunung'unika, wakachukua ufito, wakashuka, wakachukua wa pili. Maji yalipofika kwenye makutano, Bwana Sanga mwenyewe alikuja na jembe. Shamba la mama lilikuwa la kwanza kutoka hapo, mfereji ukipita ubavuni kwake. Nilidhani atapita moja kwa moja, na wala nisingemlaumu. Akasimama, akaweka bonge la udongo kuziba mfereji, akalikata tuta la mama, maji yakaingia.

"Bwana Sanga, si zamu yangu," mama alisema.

"Najua, mama. Lakini maji yanapita hapa kwako. Siwezi kuyapitisha mlangoni kwa mtu kama vile hayupo."

Aliyaacha mpaka safu ya mwisho ikalowa, kisha akafungua mfereji akaenda kwenye shamba lake. Mimi nilisimama katikati ya mahindi, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Jioni majani yalikuwa yamefunguka. Mama alipita kati ya safu, akiyagusa moja moja, na alipofika nilipo alinipiga kibao kidogo cha begani. Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri. Nililala usingizi mzuri.

Niliporudi Dar sikupitia hata nyumbani kwangu. Niliingia ofisini na mfuko wangu wa safari, nikamwambia Bwana Pius avue viatu. "Hapa? Kwenye baridi hii?" Alivivua. Tulipofika pale pa kushikana kila mtu na kiatu chake, aliondoka na soksi tupu mpaka kwenye rafu, akarudi na kitabu. Akafungua ukurasa. Jambo lote lilikuwamo, limeelezwa vizuri, na pembeni kuna mstari wa penseli nyekundu. Alikuwa ameusoma ukurasa ule yeye mwenyewe, miaka miwili nyuma, akaupigia mstari. Mashine ikaganda mbele yake kila wiki, asilitambue.

"Niliusoma," alisema, "lakini sikujua jambo lenyewe linafananaje."

Tukaandika sheria moja, tukaibandika mlangoni pa chumba cha mashine: kila programu iombe tepu yenye namba ndogo kwanza. Haikuganda tena kwa sababu ile. Ikaganda kwa sababu nyingine, hilo ni jambo jingine.

Basi Neema, Jumapili ijayo njoo na hiyo programu yenu. Chukueni karatasi, andikeni kila kazi imeshika nini na inasubiri nini, mchore mishale. Mishale ikizunguka na kurudi ilikoanzia, msimlaumu mtu yeyote, wala mende. Na mkikuta kazini kwenu mzee fulani ana sheria ambayo hawezi kuieleza, msicheke kwanza. Wala msimfuate tu kwa kuwa ni mzee. Kaeni naye chini mpaka mjue sababu, maana sababu huwa ipo, na pengine na yeye anaitafuta.

Miezi michache baadaye nilipata barua. Mama hakujua kuandika, kwa hiyo aliisema na Mama Elinami akaiandika, na nilimsikia mama katika kila mstari. Ilikuwa imefungwa pamoja na kikopo cha mahindi makavu ya makande. Iliniuliza kama nakula, kama bado ninavaa sweta mchana. Halafu mwisho ikasema: "Mahindi tumevuna. Bwana Sanga anakusalimu. Mjomba wako bado anaanzia Juu, ila siku hizi watoto wakimuuliza kwa nini, anavua viatu."